Nyumba ya magogo na mawe ni nyumba gani?

Ukisikia habari za nyumba ya magogo na mawe ya enzi za ukoloni huko Pennsylvania, Marekani, usidhani fundi alichanganya vitu hivyo viwili siku moja. Mara nyingi ni nyumba moja iliyojengwa mara mbili: kwanza magogo, baadaye mawe.

Wengi huamini kwamba Waingereza ndio walioleta ujenzi wa magogo Amerika. Sivyo. Waingereza waliotua Plymouth, katika Massachusetts ya leo, mwaka 1620 walisimamisha viunzi vya miti na kuvifunika kwa mbao. Magogo yalikuja na Waswidi na Wafini waliofungua koloni la New Sweden kando ya mto Delaware, katika nchi ya Walenape, mwaka 1638. Wajerumani nao wakafuata na ufundi wao.

Gogo lilichongwa kwa shoka mpaka likawa bapa, likalazwa juu ya jingine, na ncha zake zikakatwa mapengo ili kwenye pembe za nyumba yaumane yenyewe bila misumari. Nyufa zilizibwa kwa vijiwe na vipande vya mti, kisha zikakandikwa kwa udongo au chokaa, kama tunavyokandika nyumba ya miti na fito. Kibanda cha magogo ya mviringo yenye magome ni kitu kingine kabisa: humo mlowezi alijisitiri kwa muda tu.

Gogo likigusa ardhi yenye unyevu huoza, kwa hiyo mjenzi makini aliliweka juu ya msingi wa mawe. Dohani pia ilifaa iwe ya mawe, kwa kuhofia moto.

Mfano niupendao ni nyumba ya Squire Boone, karibu na mji wa Reading, Pennsylvania. Mfumaji na mhunzi huyo, mzaliwa wa Devon, Uingereza, aliijenga kwa magogo mwaka 1730 juu ya chumba cha mawe chenye chemchemi ndani yake. Maji yalipatikana bila kutoka nje, na ubaridi wake ulihifadhi chakula. Humo ndimo alimozaliwa mwanawe, mwindaji maarufu Daniel Boone, mwaka 1734.

Familia ilihama mwaka 1750. Mikononi mwa wamiliki waliofuata, mawe yakachukua nafasi ya magogo, na leo nyumba hiyo ni makumbusho, ambapo mgeni huona kuta za mawe tu. Cha Squire kilichosalia kiko chini ya sakafu: kile chumba cha mawe na chemchemi yake.