Pedeli ya klachi ikizama, usikimbilie kushusha giaboksi

"Pedeli imezama, basi pleti ya klachi imekwisha." Kauli hii imewatoa watu pesa nyingi bure. Kwenye gari ambalo klachi yake inatumia oili badala ya waya, kama Toyota Hilux, pedeli husukuma oili kutoka silinda ya juu, ile mafundi wanaita klachi apa, hadi silinda ya chini, yaani klachi loa, iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Pleti ikiisha, utakanyaga eksileta injini ipige kelele na gari lisivute, hasa mlimani. Lakini pedeli ikiwa laini, rivasi ikakwaruza, kisha ukapampu mara mbili tatu gia ikaingia, anza na apa na loa. Ingia chini ya gari, ufunue raba ya vumbi ya loa kwa kidole. Ikichuruzika oili nyeusi, umepata jibu. Kama ni kavu, papasa juu ya pedeli, pale fimbo yake inapoingia kwenye ukuta wa upande wa injini. Kote kukiwa kukavu na oili kwenye kikopo cha akiba haipungui, ila pedeli inazama polepole ukiishikilia, basi raba za ndani ya apa zinapitisha oili.

Na kabla ya kulala chini ya gari: jeki peke yake haitoshi. Weka stendi, zuia matairi kwa mawe.

"Oili ni oili." Hapana! Tia oili ya breki ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini huvimbisha raba, na hapo utabadilisha kila kitu hadi mpira wa kupitishia oili. Chupa iliyokaa wazi tangu mwaka jana nayo iache, maana oili hii hunyonya unyevu wa hewani. Ikimwagikia rangi ya gari, osha kwa maji papo hapo, kwa sababu inaila.

"Ukishafunga apa au loa mpya, pampu tu, upepo utatoka wenyewe." Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani huharibika. Chomeka kimpira kinachoonyesha ndani kwenye nipo ya loa, yaani skrubu ya kutolea upepo, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye oili safi kidogo. Mwenzako akanyage na kushikilia. Wewe legeza nipo, mapovu yatoke, kaza, ndipo aachie. Akiachia kabla hujakaza, upepo unarudi ndani. Rudieni hadi oili itoke bila povu hata moja, na kikopo kisikauke kamwe, la sivyo mnaanza upya.

"Kazi hii ni ileile kwa kila gari." Ford Focus nyingi, kwa mfano, loa yake imekaa ndani, imezunguka shafti ya giaboksi. Hiyo mpelekee fundi, giaboksi lazima lishuke.

Ukimaliza, washa injini, kanyaga klachi hadi chini, subiri kidogo, kisha ingiza rivasi. Iingie kimya.