Ustahimilivu wa kisaikolojia kwa mwanafunzi anayetoka familia yenye kipato cha chini

Ustahimilivu wa kisaikolojia ni uwezo wa mtu kupita katika shida nzito au ya muda mrefu, akayumba, kisha akarejea katika hali inayomwezesha kuendelea na maisha yake. Haumaanishi kutoumia. Mwanafunzi anayelia baada ya kuona matokeo, kisha wiki inayofuata akaenda kwa mhadhiri kuuliza alipokosea, ana ustahimilivu kuliko yule anayesema hana neno huku ameacha kuingia darasani.

Katika vyuo vya Mbeya na Iringa, shida hizo zinafahamika. Mzazi analima viazi Makete au mahindi Ludewa, na fedha yake huja baada ya mavuno, ilhali ada ina tarehe zake. Fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ambazo wanafunzi huziita bumu, hutolewa kwa awamu, na mwenye wadogo zake nyumbani huwatumia sehemu kabla hajanunua unga wake mwenyewe. Siku za mwisho kabla ya awamu nyingine hula mlo mmoja, pengine katika baridi ya Juni, mitihani ikiwa imekaribia. Naamini kinachomlemea zaidi ya njaa ni hofu kwamba akipata sapu, yaani mtihani wa marudio baada ya kufeli somo, ukoo mzima uliomchangia utakuwa umefeli pamoja naye.

Mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo kadhaa watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Miongoni mwa waliokulia katika umaskini na misukosuko mingine ya kifamilia, takriban theluthi moja walikuwa watu wazima wenye kujiamini na kujitegemea, na jambo lililojitokeza sana katika maisha yao ni kuwapo kwa angalau mtu mmoja aliyewajali bila kuchoka. Kwa hiyo ustahimilivu hautokani na moyo wa mtu peke yake. Kwa mwanafunzi wetu, mtu huyo anaweza kuwa mhadhiri, mlezi wa wanafunzi, au wenzake wa geto, yaani chumba cha kupanga wanachoishi wanafunzi, wanaochanga mchele na mkaa na kupika sufuria moja.

Naona ni dhuluma kumsifu mwanafunzi kwa uvumilivu na kumwacha abebe mzigo peke yake. Aliyekosa usingizi kwa wiki kadhaa, anayejitenga na wenzake au anayewaza kujidhuru asiambiwe ajikaze. Asindikizwe kwa mshauri nasaha au hospitalini.