Risiti ya Dukani Si Kibali: Ununuzi wa Vifaa vya Uwindaji Ughaibuni

Abiria akisimamishwa kwenye ukaguzi wa mizigo, cha kwanza anachotutolea ni risiti. Kifaa chake cha uwindaji kimeuzwa dukani mchana kweupe, kodi imelipwa, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba sheria za dukani zinaishia mlangoni, na wewe una mipaka ya kuvuka.

Mwaka 2024 Wamarekani kadhaa walikamatwa visiwa vya Turks and Caicos, huko Karibiani, kwa risasi chache zilizosahaulika mabegini. Kwao hizo ni bidhaa za kawaida. Visiwani, kosa hilo lilikuwa na kifungo kisichopungua miaka 12. Mahakama iliwaonea huruma na sheria ikalegezwa mwaka huohuo, lakini wengine walikuwa wamezuiliwa huko wiki nzima nzima wakisubiri hukumu. Sikusimulii haya ili ucheke ya wenzio. Begi lililokwenda uwanja wa shabaha Jumamosi ndilo linalosafiri Jumatatu, na risasi moja hujificha kirahisi kwenye mshono wa mfuko. Ukiazima begi, au ukinunua la mtumba, likung'ute na upapase kila mfuko.

Bunduki yenyewe, achana nayo. Mgeni mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kununua bunduki wala risasi Marekani. Mwenye leseni hai ya uwindaji ana upenyo, ila bado atahitaji leseni ya kuitoa nchini na kibali cha kuiingiza kwao. Kumtuma ndugu anayeishi kule akununulie kwa jina lake ni kumtafutia kesi.

Wengi hunaswa kwenye darubini. Ile ya macho mawili ya kutazamia ndege na wanyama, beba bila wasiwasi. Ya kufungwa juu ya bunduki, Marekani imeiweka kwenye orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa kutoka nje ya nchi, na kwa nchi nyingi hutakiwa leseni hata kama ni moja tu, imezungushiwa soksi ndani ya begi lako. Vifaa vya kuonea gizani hubanwa zaidi. Muuzaji huenda asikuulize unaipeleka wapi.

Kwenye ndege, mwenye vibali vyote anaweza kubeba risasi zisizozidi kilo 5, kwa matumizi yake mwenyewe, zikiwa zimefungwa imara ndani ya mzigo unaokabidhiwa kaunta, na shirika la ndege liwe limekubali. Mume na mke hawaruhusiwi kujumlisha kilo zao zikawa pakiti moja. Baruti na viwashio vya risasi havipandi kabisa. Betri za akiba za lithiamu ni kinyume chake: hizo zikae begi la mkononi. Na ukibadilisha ndege nchi ya tatu, uko chini ya sheria za nchi hiyo hata kama hutoki nje ya uwanja.

Nyumbani nako kuna yake. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali hutangulia mzigo, hakifuatii. Kenya, ambako uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, sheria inaihesabu hata bunduki ya upepo kuwa silaha. Usimletee kijana wako kama zawadi ya Krismasi.

Halafu nguo. Jaketi la mabaka linalouzwa kule kama vazi la mwindaji, hapa litaonekana kombati. Mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake, na askari wa getini hana muda wa kusikiliza kwamba mabaka yako ni ya majani ya mwaloni. Ukitaka kumbukumbu ya safari, nunua kizibao cha rangi ya chungwa kali, kile wanachovaa wawindaji wa huko wasije wakapigwa risasi na wenzao. Hicho hakuna atakayekuuliza.