Vitamini zinazoyeyuka katika maji

Binadamu anahitaji vitamini 13, nazo hugawanywa katika makundi mawili kwa kigezo kimoja tu: huyeyuka katika nini. A, D, E na K huyeyuka katika mafuta. Tisa zilizobaki, yaani vitamini C na nane za kundi B (B1, B2, B3, B5, B6, B7, B9 na B12), huyeyuka katika maji. Kigezo hicho hueleza mengi: jinsi vitamini inavyokaa mwilini, inavyotoka, na hata inavyopotelea jikoni kabla ya kufika mezani.

Vitamini za mafuta huwekwa akiba kwenye ini na kwenye mafuta ya mwili. Za maji huingia kwenye damu, mwili hutumia kiasi unachohitaji, na sehemu kubwa ya ziada huchujwa na figo ikatoka kwa mkojo. Ukimeza vidonge vya vitamini B, mkojo hugeuka njano kali. Rangi hiyo ni ya B2. Kwa hiyo akiba ya vitamini za maji ni ndogo. Ya B1 huisha kwa wiki chache tu. Asiyepata vitamini C kabisa anaweza kuanza kuona dalili za kiseyeye, kama fizi kutoka damu na vidonda kukataa kupona, baada ya mwezi mmoja hadi mitatu.

Kazi ya kundi B ni kusaidia vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini. Wanga na mafuta tunayokula hayageuki nguvu bila B1, B2, B3, B5 na B7. Vitamini zenyewe hazina nguvu ndani yake, kwa hiyo sindano ya vitamini "ya kuongeza nguvu" haimsaidii kitu asiye na upungufu. B6 inahusika na protini na neva. B9 na B12 na utengenezaji wa DNA na damu. Vitamini C hujenga kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, fizi na mishipa, na hurahisisha ufyonzwaji wa madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga.

B3, au niasini, inatuhusu zaidi sisi walaji wa ugali. Mahindi yana niasini, ila imefungwa kwa namna ambayo utumbo hauwezi kuifyonza vizuri. Wenyeji wa Meksiko, yalikotoka mahindi, huyachemsha kwa chokaa au majivu, na hapo hufunguka. Mahindi yalienea duniani bila ujuzi huo, na pelagra ikayafuata: ngozi hubabuka panapopigwa na jua, mtu huharisha, huchanganyikiwa, na asipotibiwa hufa. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikosa karanga kwenye mgao wao wa chakula, uliokuwa mahindi kwa sehemu kubwa. Zaidi ya 18,000 waliugua. Karanga ndizo zilizokuwa zikiwapa niasini. Kula dona badala ya sembe hakumalizi tatizo hili, ingawa kwa B1 dona ni bora zaidi, kwa kuwa vitamini hiyo huondoka na pumba nafaka inapokobolewa.

Jikoni, adui ni maji na moto. Mchicha uliokatwakatwa kisha ukaoshwa, ukachemshwa na maji yake yakamwagwa, umeshapoteza sehemu kubwa ya vitamini C na foleti (B9). Osha kwanza, kata baadaye, pika kwa maji machache na kwa muda mfupi. Kisamvu ni habari nyingine: lazima kitwangwe na kipikwe sana ili sumu ya sianidi itoke, basi vitamini C itafute kwenye matunda. Gramu 100 za mapera zina takriban miligramu 200, karibu mara nne ya machungwa.

B12 inavunja kanuni. Inayeyuka katika maji, lakini ini huihifadhi kwa miaka kadhaa. Kiasili hupatikana kwenye nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa tu, kwa hiyo aliyeacha vyakula hivyo vyote anaweza kukaa miaka bila dalili, kisha zikaja ganzi za miguu na upungufu wa damu. Wagonjwa wa kisukari wanaotumia dawa ya metformin kwa muda mrefu nao wamo hatarini.

B9, yaani foleti, ina tatizo la muda. Mrija wa neva wa mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba itungwe, wakati mama wengi hawajajua kama wana ujauzito. Foleti ikipungua wakati huo, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Kuianza siku ya kliniki ya kwanza ni kuchelewa kwa kasoro hiyo, na ndiyo sababu Tanzania na Kenya huagiza asidi ya foliki (foleti ya kutengenezwa) iongezwe kwenye unga viwandani.

Kutoka kwa mkojo hakumaanishi kwamba vidonge havidhuru. Dozi kubwa za C huleta kuharisha na zaweza kuchangia mawe ya figo. B6 hutolewa kwa wagonjwa wa kifua kikuu ili dawa yao ya isoniazid isiharibu neva zao. Lakini B6 ikizidishwa sana kwa miezi mingi, yenyewe huziharibu.