Je, gari lililobadilishwa karibu kila kipande bado ni lile lile?

Kwa miaka mingi niliamini jibu liko kwenye kadi ya gari. Namba ya chesisi na ya injini zikilingana na zilizogongwa kwenye chuma, gari ni lenyewe. Zisipolingana, ni jingine lililorithi jina. Niliwahi kubishana na fundi aliyeniambia kwamba injini hubadilishwa na gari likabaki lile lile. Nilikuja kumwelewa niliposoma habari za Bentley Speed Six moja ya Uingereza, maarufu kwa jina la Old Number One.

Ni gari la mashindano lisilo na paa, lenye injini ya silinda 6 na lita 6.5. Mwaka 1929 Woolf Barnato, mwenyekiti wa kampuni ya Bentley, alishinda nalo mbio za saa 24 za Le Mans akishirikiana na Tim Birkin. Mwaka 1930 akashinda tena, safari hii pamoja na Glen Kidston. Mwaka 1932, likiwa tayari limefungwa injini ya lita 8, liliruka ukingo wa juu wa uwanja wa mbio za magari wa Brooklands na dereva wake, Clive Dunfee, akafa. Barnato akaagiza liundwe upya, safari hii likiwa na paa, kwa matumizi ya barabarani. Likapita kwa wamiliki wengine, likarudishiwa umbo la mashindano, na mwaka 1990 likaafikiwa kuuzwa kwa pauni milioni 10.

Mnunuzi akakataa kulipa. Alidai hakuuziwa Old Number One, na madai yake yalikuwa na uzito. Mahakama ilielezwa kwamba katika gari la ushindi wa 1929 hakikubaki kitu cha hakika, labda vifaa vidogo visivyojulikana ni vya mwaka gani. Kutoka gari la 1930 vilitajwa kasha la giaboksi, shafti ya pedali na mhimili wa usukani. Hata hivyo Jaji Otton aliamua kwamba gari lile ni Old Number One halisi.

Niliposoma hukumu hiyo mara ya kwanza nilidhani jaji amekosea. Nilikuwa nachanganya ushahidi na kitu chenyewe. Namba ya chesisi ni kama jina kwenye cheti cha kuzaliwa: husaidia kumtambua mtu, lakini mtu si cheti.

Fikiria jahazi. Mwaka huu ubao mmoja umeoza, fundi anautoa, anapachika mpya na kupiga kalafati, yaani kuziba nyufa kwa pamba. Mwakani yanabadilishwa mataruma mawili, zile mbavu za ndani. Baadaye mlingoti, kisha tanga, na baada ya miaka 30 hata mkuku, uti wa mgongo wake. Siku zote hizo jahazi linabeba mzigo, mabaharia wanaliita kwa jina lake, na bandarini hakuna anayeuliza kama limekuwa jingine. Kila ubao mpya ulipoingia ulikuta jahazi zima likiusubiri, ukawa sehemu yake. Sasa fikiria jahazi lililovunjwa lote siku moja, mbao zikawa kuni, kisha likaundwa jipya na kuandikwa jina la zamani. Mbao mpya huenda ni nyingi sawasawa na zile za kwanza, lakini uzi umekatika.

Hivyo ndivyo jaji alivyopima. Vipande vya Old Number One viliingia kidogo kidogo, gari likiwa bado linashindana msimu baada ya msimu, na kila kipya kikamezwa na kizima. Akaongeza jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: hakuna Bentley nyingine popote inayoweza kudai jina hilo. Kama mtu angekuwa ameokota mbao zote zilizotupwa na kuunda jahazi la pili, kesi ingekuwa ngumu zaidi.

Tusiivute hukumu hiyo kupita mipaka yake. Ilihusu mkataba mmoja wa mauzo, na jaji huyo huyo alikataa kuliita gari la asili lililoshinda Le Mans. Halisi alikubali, la asili hapana. Ndiyo maana wauzaji wa magari ya zamani ya Uingereza hutunza risiti za mafundi, picha na barua za kila mmiliki: hizo ndizo zinazoonyesha kwamba uzi haukukatika.

Serikali ilikuwa na mizani yake. Kwa miaka mingi DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza, ilitaka gari lililobadilishwa sana lifikishe pointi 8 ili libaki na namba yake ya usajili. Chesisi, ya asili au mpya kutoka kiwandani, ilipewa 5. Saspenshen, ekseli, giaboksi na usukani vilipewa 2 kila kimoja. Injini ilipewa 1.