Je, wajua kwa nini anayekuzuia ndiye anayedaiwa sababu?

Juzi nilikuwa na shughuli ghorofa ya tatu ya jengo moja katikati ya Nairobi. Mlangoni, soja alinisukumia daftari la kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi isiibiwe. Jina, nambari ya kipande, nambari ya simu, unakokwenda, saa, sahihi. Mstari wa juu yangu mama mmoja alikuwa ameandika nambari yake ya simu kwa hati safi, wazi kwa kila atakayekuja nyuma yake. Nikauliza, "Bosi, nambari ya simu ni ya nini?" Akanitazama kidogo. "Kwani unaficha nini?"

Swali langu likageuzwa likawa shtaka. Lakini kati yetu wawili, nani alikuwa na deni la kujieleza? Waliberali, yaani wanafikra wanaotanguliza uhuru wa mtu, hujibu: anayezuia.

Zamani jibu lilikuwa rahisi: mdogo ndiye hujieleza. Katika Uingereza ya karne ya 17, Robert Filmer aliandika kwamba mfalme ni baba na raia ni wanawe, na mwana hamdai babake sababu. Hilo halihitaji kufafanuliwa kwetu sisi tuliokua tukiambiwa serikali ina mkono mrefu, huku picha ya rais ikitutazama kutoka ukuta wa kila duka.

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alimjibu Filmer katika kitabu kilichotoka 1689 bila jina la mwandishi. Alikuwa mwoga wa busara. Hakukiri ni chake hadi kwenye wosia wake mwaka 1704. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba watoto hukua. Mtu akishakuwa mzima, hakuna mzima mwenzake aliyezaliwa na haki ya kumwamuru. Mamlaka basi hutoka kwa watu wenyewe, wanaokubaliana kuiachia serikali kazi ya kulinda maisha yao, uhuru wao na mali zao. Wazo hilo lina neno lake kamili kwa Kiswahili: amana. Anayeulizwa maswali ni aliyeshika amana, si mwenye mali. Fungua Katiba ya Kenya ya 2010 na kifungu cha 1 kinakwambia mamlaka yote ni ya wananchi. Vyombo vya dola vimekabidhiwa tu.

Haya, sababu ipi inatosha kumzuia mtu mzima? Hapa ndipo anapoingia John Stuart Mill, mwanafalsafa mwingine Mwingereza, aliyechapisha kitabu chake kuhusu uhuru mwaka 1859. Kwake sababu ni moja: kuzuia madhara kwa wengine. Kwamba jambo ni kwa faida yako mwenyewe, hiyo ni sababu ya kukushauri, kukusihi, hata kukubembeleza, lakini si ya kukulazimisha.

Sasa panda matatu. Unajua ile sauti ya kondakta mkikaribia kizuizi: "Fungeni mikanda, polisi hapo mbele!" Mikono yote inashuka pembeni mwa viti. Wa kwangu mara nyingi hauna kifungio, basi naushikilia juu ya tumbo kama mwigizaji hadi tuvuke, kisha wote tunaachilia. Mikanda hiyo ililetwa na zile tunazoita Kanuni za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 pamoja na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano ubavuni.

Kidhibiti mwendo Mill hana neno nacho: dereva anayekimbiza gari anahatarisha watu. Mkanda ndio mgumu. Mill mwenyewe alitoa mfano wa daraja bovu. Ukimwona mtu anataka kulivuka na huna nafasi ya kumwonya, mshike umrudishe. Hujamnyima uhuru, kwa sababu hakutaka kuanguka mtoni. Lakini kama kuanguka si hakika, ni hatari tu, mwambie, kisha mwachie aamue. Kwa kipimo hicho, abiria mzima aliyeonywa angeachwa na mkanda wake uning'inie. Wanaotetea sheria husema mwili usiofungwa humrukia aliye kiti cha mbele, na hayo ni madhara kwa mwingine. Nakubali. Wengine huongeza kwamba kitanda cha hospitali utalipiwa na umma. Hapo nasita, kwa sababu kwa hoja hiyo hata chipsi za jioni zitahitaji kibali.

Kuna sehemu ya Mill ambayo haipendezi kusomewa Nairobi. Alifanya kazi miaka 35 katika Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, iliyotawala sehemu kubwa ya India, na katika kitabu kilekile alisema kanuni yake haiwahusu watoto, wala jamii alizoziona hazijakomaa. Hizo zingeweza kutawaliwa kwa mabavu mradi lengo liwe kuziendeleza. Yaani yule baba wa Filmer, aliyefukuzwa mlangoni, akarudi kwa dirisha la makoloni.

Hapa Kenya baba huyo alikuja na kipande. Kuanzia 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kutembea nacho: alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara wake, vyote ndani ya kijaluba cha bati shingoni. Ukikutwa bila hicho ni faini au jela. Harry Thuku, mwanasiasa aliyewatetea Waafrika, alikipinga, pamoja na kodi na kazi za kulazimishwa, akakamatwa Machi 1922. Tarehe 16 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, Muthoni Nyanjiru akiwa mbele ya wanawake waliowazomea wanaume waliotaka kurudi nyuma. Risasi zikapigwa. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliokufa. Barabara ya hapo karibu leo ina jina la Thuku, na kitambulisho bado tunakiita kipande.

Kwa hiyo nikisoma kifungu cha 24 cha Katiba, sidhani ni mkopo wa Ulaya tu. Kinasema haki haiwekewi mpaka ila kwa sheria, kwa kiasi kinachofaa, na anayetaka kuuweka mpaka huo ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba masharti yametimizwa. Januari 2020 Mahakama Kuu iliupima usajili wa Huduma Namba, nambari moja ya serikali ya kumtambulisha kila mtu, kwa kipimo hicho. Ikaruhusu mpango uendelee pakiwepo kwanza sheria ya kutosha ya kulinda taarifa za watu, lakini ikakataza kukusanywa kwa vinasaba (DNA) na ramani ya mahali mtu anapoishi. Hapo utaona pia kwa nini mwanafikra Mfaransa Montesquieu, mwaka 1748, alisisitiza kwamba mamlaka yazuiwe na mamlaka mengine. Pasipo hakimu aliye huru, serikali ingejiuliza na kujijibu yenyewe.

Lipo pia lalamiko la mtu wa Rongai, pembezoni mwa Nairobi: hakuna askari anayenizuia kufika mjini, ila mvua ikinyesha nauli inapanda hadi nirudi nyumbani. Huo ni uhuru gani? Mwanafalsafa Mmarekani John Rawls, katika kitabu chake cha 1971, alitofautisha uhuru na thamani ya uhuru, akataka jamii ipangwe ili thamani hiyo isimpungukie aliye chini. Mwanauchumi Friedrich Hayek, mwaka 1944, alikuwa ameonya kwamba serikali inayopanga uchumi wote mwishowe humpangia mtu maisha. Wote wawili huitwa waliberali, na ugomvi huo haujaisha.

Soja wangu? Niliandika, nikapanda. Nikishuka akanigeuzia daftari nijaze saa ya kutoka. Aliyenifuata alikuwa ameandika jina lake, na chini ya nambari yangu ya kipande na ya simu akaweka vijistari viwili vya "kama hapo juu".