Kapteni Grüninger na tarehe iliyorudishwa nyuma

Nikifundisha sheria ya wakimbizi, sianzi na mikataba. Naanza na fomu ya polisi wa jimbo la St. Gallen, Uswisi, mwaka 1938, na nafasi inayonihusu ni moja tu: tarehe ya kuingia nchini.

Machi mwaka ule Hitler aliimeza Austria. Wayahudi wa Vienna walinyang'anywa maduka na kudhalilishwa hadharani, wakaanza kuukimbilia mpaka wa Uswisi, hasa kati ya Hohenems na Diepoldsau, wengine wakivuka usiku mkondo wa zamani wa mto Rhine. Serikali ya Uswisi, mjini Bern, ikaona wamezidi. Kuanzia 19 Agosti, asiye na kibali arudishwe alikotoka.

Mkuu wa polisi wa St. Gallen alikuwa Kapteni Paul Grüninger, mwalimu wa zamani na mcheza mpira aliyetwaa ubingwa wa nchi na klabu ya Brühl mwaka 1915. Hakuwa mwanaharakati. Alichofanya kilikuwa kazi ya karani: aliyefika baada ya amri aliandikiwa kuwa ameingia kabla yake. Basi, huyo keshakuwemo nchini, amri haimgusi. Fomu hizo alizishughulikia pamoja na Sidney Dreifuss, aliyeongoza misaada ya Wayahudi mjini humo. (Ruth Dreifuss, aliyekuwa rais wa kwanza mwanamke wa Uswisi mwaka 1999, ni bintiye.) Waliofika bila nguo za baridi, kapteni aliwanunulia kwa pesa zake mwenyewe.

Waliookolewa hutajwa kuwa kuanzia mia kadhaa hadi 3,600. Pengo hilo halinishangazi: fomu iliyoghushiwa vizuri hufanana na ya halali, na ndiyo ilikuwa shabaha yake.

Tarehe 3 Aprili 1939 alifika kazini, mwanafunzi wa polisi akamzuia mlangoni: hana ruhusa tena ya kuingia. Akafukuzwa bila pensheni. Mwishoni mwa 1940 mahakama ikamtia hatiani kwa kukiuka wajibu wa kazi na kughushi nyaraka, ikamtoza faini ya faranga 300 na gharama za kesi. Faini yenyewe haikuwa kubwa, ila baada ya hukumu ile hakupata tena kazi ya kudumu. Wapo hata waliovumisha kuwa alihongwa.

Wanafunzi wangu hukimbilia kusema mahakama ilikosea. Hapo nawasimamisha. Kughushi alighushi, na hakukana. Wakili wa kweli angeuliza jambo lingine: kama njia pekee ya kumnusuru mtu ni kuvunja amri, je, kuivunja bado ni kosa? Mwaka 1940 jibu lilikuwa ndiyo. Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, ilimtambua mwaka 1971 kama mwokoaji wa Wayahudi, akafa mwaka uliofuata akiwa maskini, hukumu ingali juu yake. Mahakama ilimsafisha mwaka 1995. Sheria ya kufuta hukumu za wengine waliosaidia wakimbizi wakati ule ilianza kutumika mwaka 2004.